Seli T Dhibiti, Dawa ya Zamani ya Mulago na Hofu ya Kipandikizi

Mtu aliyepandikizwa figo huishi akihofia kwamba mwili wake utakikataa kiungo kigeni. Aliyepandikizwa uloto ana hofu hiyo pia, lakini ana nyingine iliyo kubwa zaidi, nayo hutoka upande wa pili: kipandikizi chenyewe kinaweza kuukataa mwili. Uloto, ule ute ulio ndani ya mifupa, ndiko damu na kinga ya mwili hutengenezwa, kwa hiyo anayepokea uloto wa mwenzake hupokea pamoja nao seli T, aina ya chembe nyeupe za kinga, zilizokwisha kukomaa, ambazo zilifunzwa katika mwili wa mtoaji kutambua kilicho chake na kisicho chake. Seli hizo zinapoingia katika mwili mpya na kukuta ngozi, ini na utumbo vyenye alama ngeni, huvishambulia kama vile ambavyo zingeshambulia kirusi. Ugonjwa huo wa kipandikizi kumshambulia mwenyeji wake hujulikana hospitalini kwa herufi nne, GVHD, nami nitatumia herufi hizo kwa ajili ya ufupi. Seli T dhibiti, ambazo ndizo mada yangu, ni seli za kinga zinazoweza kulituliza shambulio hilo.

Mwaka 1966 Rupert Billingham alitaja masharti matatu ambayo yakikutana ugonjwa huu hutokea: kipandikizi kiwe na seli za kinga zenye uwezo wa kupigana, mpokeaji awe na alama ambazo mtoaji hana, na mpokeaji awe amedhoofika kiasi cha kushindwa kuziondoa seli hizo ngeni. Ukiyatazama vizuri utaona kwamba upandikizaji wa uloto huyatimiza yote matatu karibu kila mara, kwa kuwa mgonjwa hupewa kwanza dawa kali, na pengine mionzi, ili uloto wake wa zamani upishe mpya. Hata ndugu wa baba na mama mmoja wanaolingana kikamilifu kwa alama za HLA, zile kuu zinazotumika kumlinganisha mtoaji na mpokeaji, hutofautiana kwa alama nyingine ndogondogo, na tofauti hizo peke yake zaweza kutosha kuwasha moto.

GVHD ya mwanzo hujitokeza zaidi katika miezi mitatu ya kwanza baada ya upandikizaji. Hushika ngozi, hasa viganja na nyayo. Hushika utumbo, mgonjwa akaharisha hata lita kadhaa kwa siku. Hushika ini, macho yakawa manjano. Vitabu vingi vya udaktari huelezea ngozi inayogeuka nyekundu, lakini katika ngozi nyeusi kama zetu wekundu huo hauonekani kwa urahisi. Kinachoonekana mara nyingi ni mabaka yaliyokolea weusi au rangi ya zambarau, pamoja na kuwasha na maumivu, na muuguzi anayengoja kuona wekundu atachelewa. GVHD sugu huja baadaye, nayo ina sura nyingine: macho na kinywa vinakauka, ngozi inakuwa ngumu na kukaza viungo, na katika hali mbaya zaidi njia ndogo za hewa mapafuni huziba kwa kovu lisilofutika.

Tiba ya kwanza mpaka leo ni dawa za jamii ya steroidi, yaani prednisoloni na ndugu zake, kwa dozi kubwa. Karibu nusu ya wagonjwa hawapati nafuu ya kutosha kwa dawa hizo. Kwa wale zilizoshindwa kuwasaidia, Marekani iliidhinisha ruksolitinibu mwaka 2019 kwa GVHD ya mwanzo na mwaka 2021 kwa GVHD sugu, na tangu hapo dawa nyingine kadhaa zimefuata. Zinasaidia, lakini nyingi kati yake zina kasoro moja, kwamba huzima kinga bila kubagua seli inayoshambulia mwili na seli inayolinda mwili. Katika nchi yenye kifua kikuu kingi, na ambamo karibu kila mtu mzima amekwisha kuambukizwa kirusi cha CMV kinachojificha mwilini na kuamka kinga inapolegea, mgonjwa aliyezimwa kinga kwa miezi mingi yuko hatarini hata akiwa ndani ya nyumba yake.

Kuna ugumu mwingine ambao ndio uliowasukuma watafiti kutafuta njia tofauti kabisa. Kama adui ni seli T za mtoaji, kwa nini zisiondolewe zote kabla uloto haujatiwa mwilini? Jambo hilo lilijaribiwa zamani, na GVHD ilipungua kweli, lakini kwa wagonjwa wa lukemia (saratani ya damu) saratani ilirudi mara nyingi zaidi. Ilibainika kwamba seli zile zile zinazochoma ngozi na utumbo ndizo pia zinazosaka mabaki ya saratani yaliyonusurika dawa. Ushahidi mwingine ulitoka kwa mapacha wa kufanana: aliyepata uloto wa pacha wake alisalimika na GVHD, lakini lukemia yake ilikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kurudi, kwa kuwa seli za pacha hazikuona chochote kigeni cha kushambulia. Kwa hiyo swali likawa jinsi ya kuzuia shambulio dhidi ya mwili bila kuondoa shambulio dhidi ya saratani, na kwa miaka mingi wataalamu wengi waliamini kwamba mambo hayo mawili hayatenganishiki.

Hapo ndipo zinapoingia seli T dhibiti. Mwaka 1969 watafiti wa Japani, Nishizuka na Sakakura, waliwaondoa panya tezi ya thaimasi siku tatu baada ya kuzaliwa. Thaimasi ndiyo inayokomaza seli T, hivyo mtu angetarajia panya wenye kinga dhaifu tu. Lakini kinga ya panya hao iliyashambulia mayai yao ya uzazi ikayaharibu. Kumbe thaimasi hutoa pia seli zinazowazuia wenzake. Dhana ya seli zinazozuia ilivuma katika miaka ya 1970, kisha ikadharauliwa kwa sababu hakuna aliyeweza kuonyesha seli hizo ni zipi hasa. Shimon Sakaguchi hakuiacha. Mwaka 1995 alionyesha kwamba seli hizo hubeba alama ya CD4 pamoja na alama nyingine, CD25. Mwaka 2001 Mary Brunkow na Fred Ramsdell, waliokuwa wakifanya kazi katika kampuni moja ya jimbo la Washington, walipata jeni iliyoharibika katika ukoo wa panya waliokuwa wakizaliwa na magamba na kufa mapema. Jeni hiyo, FOXP3, iko kwenye kromosomu ya X, na watoto wa kiume wanaozaliwa nayo ikiwa mbovu hupata kisukari, harisho na maradhi ya ngozi tangu uchanga. Baadaye ikathibitika kwamba FOXP3 ndiyo inayoifanya seli T iwe dhibiti. Watatu hao walipewa Tuzo ya Nobel ya mwaka 2025, na nadhani mtu yeyote aliyewahi kuambiwa kwamba wazo lake limepitwa na wakati angefaidika kuisoma habari ya Sakaguchi.

Namna seli hizi zinavyofanya kazi inanikumbusha mwenyekiti wa LC, yaani baraza la kijiji, anapofika penye ugomvi: hampigi mtu, bali huwanyang'anya wagomvi fimbo, huwaondoa wachochezi na kuufunga mtungi wa pombe. Seli T dhibiti hunyonya intalukini-2, ambayo ndiyo inayozichochea seli T za kawaida ziongezeke. Huzipokonya seli za uchochezi alama zinazohitajika ili shambulio lianze, kwa kutumia protini iitwayo CTLA-4. Na hutoa saitokini (protini ambazo seli hupashana nazo habari) za kutuliza, zikiwemo intalukini-10. Katika damu ya mtu mzima ni kama asilimia 5 hadi 10 tu ya seli zenye CD4, lakini uchache huo hauzinyimi uzito.

Majaribio ya panya yaliyochapishwa mwaka 2002 na timu kadhaa yalionyesha kwamba ukiongeza seli T dhibiti za mtoaji katika kipandikizi, GVHD hupungua sana. Habari iliyosisimua zaidi ilifuata mwaka 2003, pale Matthias Edinger, Robert Negrin na wenzao wa Stanford walipoonyesha kwamba panya waliopewa seli hizo walisalimika na GVHD, na seli T za kawaida zikaendelea kuua saratani. Maelezo yanayokubalika ni kwamba seli T dhibiti huzuia seli za kawaida zisiongezeke kupita kiasi mwanzoni, wakati uchochezi umepamba moto, lakini haziziondolei uwezo wa kuua zinapokutana na seli ya saratani.

Kwa binadamu hatua za kwanza zilikuwa ndogo. Mwaka 2009 timu ya Piotr Trzonkowski huko Gdańsk, Poland, ilieleza wagonjwa wawili waliopewa seli T dhibiti zilizokuzwa maabara. Mwenye GVHD sugu alipata nafuu na kupunguziwa dawa, lakini mwenye GVHD kali ya mwanzo alipata nafuu ya muda tu. Mwaka 2011 Chuo Kikuu cha Minnesota kilichapisha matokeo ya wagonjwa 23 waliopewa seli T dhibiti zilizotolewa katika damu ya kitovu: waliopata GVHD ya mwanzo ya daraja la pili na kuendelea walikuwa asilimia 43, wakilinganishwa na asilimia 61 ya wagonjwa wa awali wasiopewa seli hizo. Mwaka huo huo ikaja taarifa ya Perugia, Italia, ambayo mimi naiona ndiyo ya kijasiri kuliko zote. Madaktari wale walichukua wagonjwa 28 waliokuwa na watoaji wa nusu ulinganifu, yaani wanaolingana nao kwa nusu tu ya alama za HLA kama mzazi na mtoto, wakawapa seli T dhibiti siku nne kabla ya seli shina (zile zinazozaa seli zote za damu) na seli T za kawaida, kisha hawakuwapa dawa yoyote ya kuzuia GVHD baada ya upandikizaji. Kati ya 26 ambao kipandikizi kilishika, wawili tu walipata GVHD ya mwanzo ya daraja la pili au zaidi. Msomaji asisahau, hata hivyo, kwamba wengi katika kundi lile walikufa kwa maambukizi na madhara mengine ya upandikizaji. GVHD ilikuwa imedhibitiwa, mengine hayakuwa yamedhibitiwa.

Jaribio kubwa zaidi hadi sasa ni la bidhaa iitwayo Orca-T, iliyotokana na kazi ya Stanford na kuendelezwa na kampuni ya Orca Bio ya California. Damu ya mtoaji hutenganishwa katika mafungu matatu: seli shina na seli T dhibiti hutiwa mwilini kwanza, na seli T za kawaida, kwa idadi iliyopimwa, hutiwa baada ya siku mbili, ili zile za kutuliza ziwe zimekwisha kutangulia. Katika jaribio la awamu ya tatu lenye wagonjwa 187 wa saratani za damu, ambalo matokeo yake yalitangazwa mwaka 2025, waliokuwa hai mwaka mmoja baadaye bila GVHD sugu ya wastani au kali walikuwa asilimia 78 kwa upande wa Orca-T na asilimia 38 kwa upande wa upandikizaji wa kawaida. Pengo la namna hiyo ni nadra sana katika tiba ya GVHD, na sioni aibu kusema kwamba nilizisoma tarakimu hizo mara ya pili ili nijiridhishe.

Lakini kundi la kulinganishia lilipewa takrolimasi na methotreksati, dawa ambazo ndizo zilizokuwa kinga ya kawaida dhidi ya GVHD kwa miongo mingi. Wakati jaribio hilo likiendelea, kinga ya kawaida yenyewe ilikuwa inabadilika. Mwaka 2023 jaribio la Marekani lenye wagonjwa 431 lilionyesha kwamba saiklofosfamidi, dawa ya zamani ya saratani, ikitolewa siku chache baada ya upandikizaji, pamoja na takrolimasi na mikofenoleti, asilimia 52.7 ya wagonjwa walimaliza mwaka wakiwa hai bila GVHD nzito na bila saratani kurudi, dhidi ya asilimia 34.9 ya waliopewa mchanganyiko wa zamani. Tarakimu za majaribio haya mawili hazilinganishwi moja kwa moja, kwa kuwa wagonjwa, maandalizi na vipimo vya mafanikio vilitofautiana. Ninachosema ni kwamba seli T dhibiti zimelishinda pambano dhidi ya mpinzani aliyekuwa tayari anaondoka uwanjani.

Niseme sasa mahali ninaposimama. Kwa kazi mimi ni mtaalamu wa maabara mjini Kampala, na kwa miaka mingi sehemu kubwa ya kazi yangu ilikuwa kuhesabu seli za CD4 za watu wanaoishi na virusi vya ukimwi. Sisi wa maabara za ukimwi tunaifahamu CD4 kama tunavyoyafahamu majina yetu, lakini kipimo chetu huhesabu seli zote zenye alama hiyo kwa pamoja, zile za kushambulia na zile za kutuliza, bila kuzitofautisha. Kuzitofautisha kunahitaji kutazama pia CD25, ambayo lazima iwe nyingi, na CD127, ambayo lazima iwe haba. Hata hivyo seli T ya kawaida iliyoamshwa hivi karibuni huweza kubeba CD25 nyingi pia, na FOXP3, ambayo ingetupa uhakika mkubwa zaidi, imo ndani ya seli na haipimwi bila kuitoboa seli na kuiua. Anayetaka kuzitenga zikiwa hai ili azirudishe katika mwili wa mgonjwa anatumia kingamwili zilizofungwa kwenye chembe ndogo za sumaku, au mashine inayochambua seli mojamoja, ndani ya chumba safi chenye viwango vya kiwanda cha dawa. Zikipatikana huwa chache, na ukizikuza maabara kuna hatari kwamba seli chache za kawaida zilizojipenyeza zitazipita kwa wingi, ndiyo maana baadhi ya maabara huzikuza pamoja na rapamaisini, ambayo huzibana seli za kawaida kuliko zinavyobanwa dhibiti. Tena hazipendi kugandishwa. Kwa Orca-T kazi yote, tangu damu itoke kwa mtoaji hadi iingie kwa mgonjwa, imepangwa kumalizika ndani ya saa 72. Bidhaa ya namna hiyo haiwekwi ghalani Entebbe ikasubiri mgonjwa.

Ndiyo sababu nilipata shida kumjibu Hajji mmoja wa Bombo, rafiki wa baba yangu, ambaye binti yake ana selimundu, ugonjwa wa kurithi wa damu, na ambaye hospitali moja ya India ilikuwa imemweleza kwamba yeye mwenyewe anaweza kuwa mtoaji wa nusu ulinganifu. Alikuwa amesikia redioni habari za tuzo ya Nobel. Akaniuliza, "Mwanangu, hizi seli za kutuliza si ndizo tungemtafutia mtoto, hata kama ni kuuza kiwanja?" Nikamwambia, "Hajji, kiwanja usikiuze kwanza, maana hizo seli zilijaribiwa kwa wagonjwa wa saratani, na ugonjwa wa mtoto wetu hauna saratani ya kusakwa." Aliniangalia kwa mashaka, naye alikuwa na haki ya kunitilia shaka, kwa hiyo nikaona heri niandike jibu lote.

Uzuri mkubwa wa seli T dhibiti, ule uliowafanya watafiti kuzihangaikia kwa zaidi ya miaka ishirini, ni kwamba zinazuia GVHD bila kuiachia saratani. Kwa mtoto wa selimundu hakuna saratani. GVHD kwake ni hasara tupu, haina faida yoyote ya pembeni ambayo daktari angetaka kuihifadhi, na kwa sababu hiyo dawa inayozifyeka seli T za mtoaji kwa nguvu zaidi inaruhusiwa kwake kuliko kwa mgonjwa wa lukemia. Hitaji letu kubwa la upandikizaji nchini Uganda liko hapo. Uchunguzi uliofanywa mwaka 2014 na 2015 kwa sampuli za damu za watoto wachanga, ambazo zilikuwa zimekusanywa kwa ajili ya kupima virusi vya ukimwi, ulionyesha kwamba asilimia 13.3 ya watoto walibeba jeni ya selimundu na asilimia 0.7 walikuwa na ugonjwa wenyewe. Mtoto ana nafasi moja katika nne ya kulingana kikamilifu na ndugu yake mmoja wa baba na mama wale wale, na sajili za kimataifa za watoaji hazitusaidii sana: utafiti wa Marekani wa mwaka 2014 ulikadiria kwamba mgonjwa mzungu mwenye asili ya Ulaya ana uwezekano wa asilimia 75 wa kupata humo mtoaji kamili asiye ndugu, ilhali Mmarekani mweusi ana asilimia 19. Kwa hiyo kwa familia nyingi mtoaji atakuwa baba au mama, mwenye nusu ulinganifu, na hapo GVHD ndiyo inayotisha.

Kinachotumika sasa kwa watoaji wa namna hiyo ni saiklofosfamidi ile ile, dozi mbili za miligramu 50 kwa kila kilo ya uzito, kwa kawaida siku ya 3 na ya 4 baada ya upandikizaji, njia iliyoendelezwa Johns Hopkins huko Baltimore. Katika jaribio la Marekani la watu wazima 42 wenye selimundu waliopata uloto wa nusu ulinganifu, baada ya miaka miwili asilimia 95 walikuwa hai, na asilimia 88 walikuwa hai bila kipandikizi kushindwa. GVHD haikutoweka, lakini kabla ya hapo wagonjwa kama hao walikuwa wakiambiwa kwamba hakuna mtoaji, basi.

Saiklofosfamidi si mgeni Mulago, hospitali yetu kuu ya Kampala. Denis Burkitt alieleza mwaka 1958, akiwa daktari wa upasuaji hapa Kampala, uvimbe wa taya uliokuwa ukiwaua watoto. Mwaka 1967 kikaanzishwa kituo cha kuitibu limfoma hiyo, ambacho leo ni Taasisi ya Saratani ya Uganda, na saiklofosfamidi ilikuwa miongoni mwa dawa zilizoonyesha pale pale kwamba watoto hao wanaweza kupona kabisa. Ni dawa ya zamani, haina hataza tena, na bei yake haihusiani kabisa na bei ya seli zinazotengenezwa kwa mgonjwa mmoja mmoja.

Sasa, kwa nini dawa inayoua seli zinazogawanyika haiui kila kitu ikitolewa siku ya tatu? Seli shina na seli T dhibiti zina kimeng'enya kiitwacho aldehaidi dehidrojenasi, ambacho huivunja saiklofosfamidi kabla haijaleta madhara. Seli T za kawaida zilizoamshwa na alama ngeni, ambazo siku hiyo ziko katika kasi ya kugawanyika, hazina kinga ya kutosha ya namna hiyo. Zinakufa au zinabaki zimelemaa. Timu ya Hopkins ilionyesha mwaka 2013 kwamba seli T dhibiti za binadamu huhimili dawa hii kuliko wenzake, na mwaka uliofuata ikaonyeshwa kwa panya kwamba zikiondolewa, saiklofosfamidi haiwakingi tena na GVHD. Wataalamu bado wanabishana kuhusu uzito wa kila sehemu ya maelezo haya, lakini kwamba seli T dhibiti ni sehemu ya lazima ya ulinzi huo, ushahidi ni mzuri. Hili ndilo nililotaka Hajji alisikie: binti yake akipandikizwa kwa njia hiyo, seli za kutuliza atakuwa nazo, zitatoka katika damu ya baba yake mwenyewe, na kazi ya dawa itakuwa kuwapunguza wagomvi huku zikiachwa zenyewe.

Zipo njia nyingine za kuzipendelea seli hizi zikiwa ndani ya mwili. Mwaka 2011 John Koreth na wenzake wa Boston waliwapa wagonjwa 29 wa GVHD sugu intalukini-2 kwa dozi ndogo ya kila siku. Seli T dhibiti zikaongezeka, na kati ya 23 walioweza kutathminiwa, 12 walipata nafuu ya sehemu. Uchaguzi wa dawa za kawaida nao una athari, kwani takrolimasi na siklosporini hupunguza intalukini-2 ambayo seli T dhibiti huitegemea, ilhali rapamaisini huziachia nafasi. Familia inayokwenda kupandikiziwa nje inaweza kabisa kumuuliza daktari ni mpango gani wa kuzuia GVHD utakaotumika, dawa zipi zitaendelea baada ya kurudi nyumbani na kwa muda gani, na ni nani Kampala atakayepokea taarifa kamili ya mgonjwa. Nimeona wagonjwa wakirudi na karatasi moja ya muhtasari isiyosema hata kiwango cha dawa kinachotakiwa kuonekana katika damu.

Kuhusu kufanya upandikizaji hapa hapa, sheria ya utoaji na upandikizaji wa viungo vya binadamu ilipatikana mwaka 2023. Ng'ambo ya mpaka, Hospitali ya Benjamin Mkapa ya Dodoma imekwisha kuwapandikiza uloto watoto wenye selimundu. Taasisi yetu ya Saratani ina ushirika wa miaka mingi na taasisi ya saratani ya Fred Hutchinson ya Seattle, Marekani, na jengo lao la pamoja lilifunguliwa Mulago mwaka 2015. Fred Hutchinson ndiyo taasisi ambamo E. Donnall Thomas aliuendeleza upandikizaji wa uloto hadi akapata Nobel mwaka 1990. Watu wa kuwauliza tunao.

Chumba safi cha kutenga seli T dhibiti sidhani kama kinapaswa kuwa miongoni mwa matumizi yetu ya kwanza. Kabla yake ningeweka maabara ya HLA inayotoa majibu kwa wakati, kipimo cha CMV cha kila wiki, damu iliyopigwa mionzi, na akiba ya dawa isiyokatika. Kuzihesabu seli hizo, kwa upande mwingine, ni kazi tunayoweza kuianza mapema. Tangu mwaka 2015, Shirika la Afya Duniani liliposhauri kila mwenye virusi vya ukimwi aanzishiwe dawa bila kungoja idadi ya CD4, mashine nyingi za kuhesabu zimepungukiwa kazi. Zile zenye uwezo wa kusoma rangi kadhaa kwa wakati mmoja zinahitaji kuongezewa kingamwili za CD25 na CD127 tu, na mafunzo ambayo hayawezi kumshinda mtu aliyekwisha kusoma maelfu ya sampuli za CD4. Watoto waliopandikizwa nje tayari hutolewa damu hapa mara kwa mara ili kuangalia chembe zao, na sehemu ndogo ya sampuli hiyo hiyo, kwa idhini ya wazazi na ya kamati ya maadili, ingetuonyesha jinsi seli T dhibiti zinavyorejea katika miili ya watoto wanaoishi kati ya malaria, minyoo na CMV, miili ambayo majaribio ya Stanford na Perugia hayakupata nafasi ya kuichunguza.